Moto uliopita juu ya Utawala: kilikuwa nini, na je, kilianguka Ruai?

*"Habari Daktari. Ninaishi Utawala, Nairobi, ghorofa ya nne. Jumamosi iliyopita, mwendo wa saa tatu kasorobo usiku, nilikuwa juu ya paa nikianua nguo pamoja na mwanangu wa miaka 8. Ghafla paa lote likawa jeupe, tukaona vivuli vyetu ukutani. Nilipoinua macho niliona mpira wa moto wa kijani ukitoka upande wa Thika Road kwenda mashariki. Ukang'aa kwa nguvu mara moja, ukapasuka vipande vitatu au vinne, vikageuka vyekundu na kuzama nyuma ya ghorofa za Ruai. Yote hayo hayakuzidi sekunde tano, na hatukusikia sauti yoyote. Tulishuka, nikateleka chai, na kama dakika nne baadaye ukaja mshindo mzito wa mbali, madirisha yakatetemeka. Tangu siku hiyo mtoto hataki kulala peke yake. Mama mkwe, aliyetutembelea kutoka Murang'a, anasema ni ishara kwamba mtu mkubwa atakufa. Kwenye WhatsApp ya ploti wengine wanasema ni kombora, wengine setilaiti, na kuna kijana anauza 'jiwe lililoanguka Ruai' kwa shilingi 15,000. Mume wangu anataka kulinunua. Naomba kujua: kilikuwa nini? Kilianguka karibu nasi? Tuliduwaa tukikitazama, je, macho yetu yamedhurika, au tumepigwa na mionzi? Na mbona hakuna aliyetuonya?"*

Dada, maswali yako ni mengi, lakini karibu yote yana shina moja: unaamini kitu kile kilikuwa karibu. Paa lako lilimulikwa, madirisha yako yalitetemeka, na vipande vikazama nyuma ya nyumba unazozipita kila siku ukienda sokoni. Nani asingedhani kimeanguka mtaa wa pili? Acha nianze na umbali, kwa maana ukishakaa mahali pake, hofu nyingine nyingi zitalegea zenyewe.

Ulichokiona ni kimondo, na kwa jinsi ulivyokieleza sina shaka kubwa. Vimondo vinavyong'aa kuliko sayari ya Zuhura huwekwa katika kundi lao la vimondo vya moto, na chako, kilichowapa vivuli, kilikuwa cha daraja ya juu katika kundi hilo. Jicho la binadamu haliwezi kukadiria umbali wa kitu kinachowaka gizani. Mchana tunajua gari liko mbali kwa sababu tunajua ukubwa wa gari. Mpira wa moto hatuujui ukubwa wake, kwa hivyo akili huuweka jirani na kitu cha mwisho inachokitambua, yaani zile ghorofa za Ruai. Kila panapotokea kimondo kikubwa, popote duniani, watu hupiga simu polisi wakiapa kimeangukia nyuma ya shule au ng'ambo ya mto, na watu wa kaunti tatu tofauti huapa vivyo hivyo kuhusu kimondo kimoja.

Ila wewe umenipa kipimo bila kujua: zile dakika nne. Sauti huku chini husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kule juu kwenye baridi kali hupungua, ikawa kama mita 300. Dakika nne ni sekunde 240. Zidisha, utapata kilomita 72 hivi za mshazari kutoka paani kwako hadi pale kilipopasukia. Vimondo vya aina hii huvunjika vikiwa juu sana, na tukichukua kimo cha kilomita 30, ambacho ni cha kawaida, basi sehemu ya ardhi iliyokuwa chini yake ilikuwa kilomita 65 hivi mashariki mwa Utawala. Hapo umeshaivuka Ruai, umeivuka Tala, uko upande wa Matuu na Yatta. Nasema "hivi" kwa makusudi. Hukuwa na saa mkononi, na mshindo hutoka kwenye njia nzima ya kimondo wala si kwenye nukta moja. Lakini hata kama umekosea kwa dakika nzima na zilikuwa tatu, bado tunapata zaidi ya kilomita 50 za mshazari.

Kuna njia nyingine ya kuhakikisha. Kama kingepasukia juu ya Ruai, ungelazimika kukunja shingo na kutazama karibu utosini, maana kilomita 30 kwenda juu ni nyingi mno zikilinganishwa na mwendo wa kutoka kwako hadi Ruai. Wewe ulikiona mbele yako, juu kidogo ya majengo.

Sasa, kwa nini kiwake vile? Mawe haya hulizunguka jua kama dunia yetu inavyolizunguka, na yanapokutana nasi huingia kwenye angahewa kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde. Kwa kilomita 20 kwa sekunde, ungetoka Utawala na kufika Mombasa kabla nusu dakika haijaisha. Watu wengi, hata vitabu vya shule, husema jiwe hupata moto kwa kusuguana na hewa. Msuguano upo, lakini kazi kubwa hufanywa na mgandamizo. Hewa iliyo mbele ya jiwe haipati nafasi ya kupisha, hivyo husukumwa na kubanwa mpaka inapata joto la maelfu ya nyuzi. Ukijaza upepo kwenye baiskeli kwa pampu ya mkono utahisi ncha ya pampu imepata moto, nayo ni kanuni hiyo hiyo, ila huku imepitiliza kupita kiasi. Joto hilo huyeyusha uso wa jiwe, mvuke wake huwaka, na mwanga ulioona ulitoka kwa mvuke huo na hewa inayouzunguka zaidi kuliko kwa jiwe lenyewe. Ukijani mara nyingi ni wa magnesi au nikeli iliyomo kwenye jiwe, au wa oksijeni ya hewani. Wekundu wa mwishoni huja kasi inapopungua na joto kushuka.

Kimondo kinavyozidi kushuka, hewa huzidi kuwa nzito. Mbele yake pana shinikizo kubwa, nyuma yake hamna kitu. Mawe mengi ya angani yana nyufa za zamani, na shinikizo likiyashinda nguvu hupasuka ghafla. Vipande vingi huwa na uso mwingi wa kuungua kuliko jiwe moja, kwa hiyo mwanga huruka mara moja. Ndio ule mng'ao uliowapa vivuli. Wakati huo huo wimbi la mshtuko lilianza safari ya kuja kwako, likitembea polepole sana ukililinganisha na mwanga, na likakukuta tayari umeteleka chai.

Vile vipande vyekundu "vilivyozama" havikuwa vimefika ardhini. Jiwe likipungua kasi hadi kama kilomita 3 kwa sekunde huacha kung'aa, na kwa kawaida hilo hutokea likiwa bado kilomita 20 au zaidi juu. Kuanzia hapo huanguka gizani kwa dakika kadhaa, likisukumwa na upepo, na mwishowe hutua kwa kasi ya kilomita mia mbili au tatu kwa saa. Kwa hivyo ukiona kimondo kinawaka mpaka kinagusa upeo wa macho, ujue kiko mbali nawe sana. Kinachokuangukia karibu hukiona kikizimika juu, kisha hakuna kitu, kisha mishindo, halafu pengine kitu kinachopita hewani kwa mvumo. Wala jiwe halifiki likiwa kaa la moto. Limekaa kwenye baridi ya angani kwa mamilioni ya miaka, na moto wa sekunde chache huyeyusha ganda jembamba tu la nje, ambalo hupoa njiani.

Jirani anayesema kombora hana hoja ya kushika. Yule wa setilaiti amekaribia kidogo, maana mabaki ya roketi na setilaiti hurudi kweli na huwaka. Tofauti iko kwenye mwendo. Chombo kinachoanguka kutoka kwenye mzunguko wa dunia huja kwa kilomita 7 au 8 kwa sekunde na kwa mlalo, kwa hiyo utakiona kikikokota angani kwa dakika nzima au zaidi, kikimwaga vipande vinavyofuatana kwa mstari. Sekunde tano ni chache mno. Lakini asichekwe. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha kama mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kwamba, kwa tathmini ya mwanzo, ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Mkikuta chuma cha namna hiyo msikiguse, kwa sababu mitungi na matangi ya roketi huweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu. Mwiteni chifu au polisi.

Kuhusu mama mkwe, sitaki kumbishia mzazi kupitia kwa mkwewe. Kuhusisha vimondo na vifo vya wakubwa ni mila ya watu wengi, na si Murang'a peke yake. Ninachoweza kumwambia kwa heshima ni kwamba kila siku duniani hupita maelfu ya vimondo vinavyong'aa kuliko Zuhura, vingi juu ya bahari au mchana, watu wasivione. Kama kila kimoja kingebeba tangazo la msiba, kurasa za matanzia zingekosa nafasi.

Macho na mionzi nayajibu kwa kifupi kwa kuwa hapo sina wasiwasi. Mwanga wa sekunde tano kutoka kilomita 70 haukuunguza macho yenu. Doa linaloelea mbele ya macho baada ya mwanga mkali huondoka ndani ya dakika chache. Kama wewe au mtoto bado mnaliona doa hilo, au maandishi yamepinda au kufifia, nendeni kliniki ya macho wiki hii bila kungoja, kwa sababu tatizo hilo litakuwa na chanzo chake kingine na linataka kuchunguzwa kwa chombo. Mionzi haikuwepo. Mawe ya angani huhifadhiwa kwenye makabati ya makumbusho na wanafunzi huyashika mikononi.

Swali la kuonywa ndilo lililonipendeza zaidi, na jibu lake si la kufariji moja kwa moja. Darubini zinazosaka vitu hivi hutafuta hasa vile vikubwa vinavyoweza kuangamiza mji au nchi. Chako, kwa mwanga na mshindo ulioueleza, huenda kilikuwa kati ya makumi ya sentimita na mita moja hivi. Kitu cha ukubwa huo, kisicho na mwanga wake, hakionekani mpaka kikaribie sana. Mara ya kwanza kabisa kwa wanaastronomia kukiona kimoja kabla hakijaingia ilikuwa Oktoba 2008: jiwe la mita 4 hivi, likapewa jina 2008 TC3, likagunduliwa chini ya siku moja kabla halijapasuka juu ya jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum walijipanga mstari jangwani wakaokota vipande vyake. Tangu hapo vingine vichache vimeonwa mapema, kimojawapo kile kilichoingia juu ya Botswana tarehe 2 Juni 2018. Vingi hupita bila taarifa, na kile kilichotoka upande wa jua mwaka 2013 hakikuonwa na yeyote.

Nakitaja hicho cha Februari 15, 2013, huko Chelyabinsk, Urusi, kwa sababu kina funzo la nyumbani. Kilikuwa na upana wa kama mita 20. Waliojeruhiwa walikuwa kama 1,500, na wengi wao hawakuguswa na jiwe. Waliona mwanga, wakakimbilia madirishani kutazama, na dakika moja au mbili baadaye wimbi la mshtuko likavunja vioo mbele ya nyuso zao. Kwa hiyo, ikitokea siku moja ukaona mng'ao unaoshindana na jua, kaa mbali na vioo kwa dakika kadhaa. Mfundishe na mtoto.

Jiwe kumpata mtu ni jambo la nadra mno. Mfano wa hapa kwetu Afrika Mashariki ni wa Mbale, Uganda, Agosti 14, 1992, ambapo kijiwe cha gramu chache kilimgonga kijana kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba. Hakuumia.

Sasa mume wako na zile 15,000. Asizitoe. Hata bila kuliona jiwe, hesabu ya dakika nne inaliondoa Ruai. Vipande, kama vilifika chini kabisa, vimetawanyika mashariki huko, na hata huko kuna uwezekano kwamba vyote viliungua. Sisemi mawe ya namna hii hayafiki kwetu. Julai 16, 2011 mawe yalianguka karibu na Thika, asubuhi, watu wakasikia mishindo na vipande vikaokotwa mashambani, vikapimwa na kusajiliwa rasmi kama kimondo cha Thika. Na jirani zetu Tanzania wana Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani 16 hivi. Shida ni kwamba Nairobi na viunga vyake vimekaa juu ya miamba ya volkano, myeusi na mizito, na juu yake tuna viwanda vya kuyeyusha chuma vinavyotupa mabonge meusi yenye vinundu yanayomfanya kila mtu adhani ameokota utajiri.

Kama anataka tu kuridhika, aombe kuliangalia. Jiwe lililoanguka juzi huwa na ganda jeusi jembamba, na palipovunjika ndani huonekana kijivu cha simenti, mara nyingi chenye punje ndogo za metali zinazometa. Huwa na vidimbwi vya kina kifupi, upana wa kidole gumba. Halina matundu ya hewa. Likiwa na matundu matundu, ni la volkano au la kiwandani. Ukilisugua kwenye upande wa nyuma wa kigae usiong'arishwa na likaacha alama nyekundu, hiyo ni madini ya chuma ya kawaida ya ardhini. Mawe mengi ya angani huvutwa na sumaku, lakini hata mabonge ya kiwandani huvutwa, kwa hivyo sumaku pekee isimshawishi. Tena naomba msiisugue sumaku kali kwenye jiwe mnalodhani ni la kweli. Hufuta kumbukumbu ya usumaku wa kale iliyomo ndani, ambayo watafiti huitafuta sana. Dira inatosha: sogeza jiwe karibu, uone kama sindano inacheza. Likipita yote hayo, lipelekwe kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi au Makumbusho ya Taifa, maana uamuzi wa mwisho ni wa maabara. Muuzaji atakayekataa jiwe lake lipelekwe huko amekwisha kukujibu.

Badala ya kununua jiwe, kuna kitu unaweza kufanya leo chenye thamani zaidi, nacho kina muda wake. Mwombe bawabu au mwenye ploti akuhifadhie picha za kamera za CCTV za saa hiyo, kwa kuwa mitambo mingi hufuta yenyewe baada ya siku chache. Linganisha saa ya kamera na ya simu yako na uandike tofauti. Hata kama kamera inatazama langoni, vivuli vinavyozunguka sakafuni hueleza kimondo kilipita wapi. Kisha panda tena paani, usimame pale pale ulipokuwa. Nyoosha mkono, ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo ni kama nyuzi 10. Hesabu ni ngumi ngapi kutoka upeo wa macho hadi pale kilipong'aa sana, na hadi pale ulipokipoteza. Upande upime kwa dira ya simu, mbali na tangi na mabati. Ujaze yote kwenye fomu ya taarifa za vimondo ya Shirika la Kimataifa la Vimondo, iliyo wazi kwa kila mtu kwenye tovuti yao. Akipatikana mwingine aliyekiona kutoka Embu au Machakos na kupima hivyo hivyo, mistari miwili inakutana na hapo ndipo tunajua wapi pa kutafuta. Kuna hata chombo kilichokusikilizia: Nairobi ina kituo, IS32, cha mtandao wa kimataifa wa kufuatilia majaribio ya nyuklia, kinachonasa mingurumo ya chini mno ambayo sikio haliisikii, na vimondo vikubwa huacha alama kwenye vituo vya aina hiyo.

Nimebakiza mtoto. Kukataa kulala peke yake kwa siku kadhaa baada ya kushtuka hivyo ni kawaida, na alale nawe. Usimwambie hakuna kitu, kwa sababu alikiona kitu. Mweleze kilivyo, mpeni kazi ya kupima ngumi paani. Baada ya wiki tatu au nne, akiwa bado anaota ndoto mbaya, anakataa kutoka nje jioni, au amerudi kukojoa kitandani, mpeleke kwa daktari wa watoto au mshauri nasaha. Usingoje aizoee mwenyewe.

Na akiuliza kama kingine kitakuja: vidogo vitakuja, na vingine tunavijua kwa tarehe. Kila mwaka, usiku wa Desemba 13 kuamkia 14, dunia hupita kwenye vumbi lililoachwa na asteroidi (jiwe kubwa linalolizunguka jua) iitwayo Phaethon, na vimondo huonekana kwa wingi. Punje nyingi za siku hiyo ni ndogo, zote huishia juu kabisa, na hakuna mshindo. Taa za Nairobi huvifuta vingi, kwa hivyo kama mna ndugu Murang'a, huko ni bora. Mlale mchana, mtoke kuanzia saa nne usiku, ingawa vizuri zaidi ni mwendo wa saa nane, mkitazama kaskazini. Angalieni kalenda kwanza: mwezi ukiwa mpevu mtaona vichache.